Mama Niliyemkalia Matanga Alikuwa Hai

Nina miaka ishirini na mitatu, nimeolewa Mudhaibi, huku Oman, na nina mtoto mmoja. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa jirani...

Baba yangu ni mzaliwa wa Unguja. Alipokuwa akisoma Aljeria alimuoa mama, mwanamke wa huko huko, mchezaji wa tamthilia na filamu. Baadaye tukahamia Oman, mji wa Ibra, kwa bibi, mama yake baba. Mama akaliacha jukwaa kwa ajili yetu. Lakini jikoni alikuwa akigeuza sauti, mara mfalme, mara kichaa, halafu anacheka, nami nacheka mpaka mbavu zinaniuma!

Nilipokuwa na miaka saba aliitwa kwao kucheza filamu. Baba akamruhusu. Mama akanibusu, akasema atarudi kabla tende hazijaiva.

Hakurudi. Baba alitwambia kafa kwa ajali ya gari. Tukakaa matanga. Nililia mpaka sauti ikanikauka...

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa Sur kwa shangazi, tunatazama mchezo wa Kiarabu kwenye video. Akatokea mwanamke mwenye mvi, akacheka. Moyo ukanilipuka! Kicheko kile, nani mwengine alikuwa nacho? Na mama alikufa kijana... hizi mvi zimemuotea wapi?

Nilirudi Ibra, nikamfuata bibi. "Bibi, mama yu hai?"

Bibi akajifunika uso kwa mtandio. "Baba yako alimpelekea talaka kule kule kwao, mwanangu. Alisema mke anayejionyesha mbele ya wanaume ni sawa na maiti."

Nikamuuliza baba. Alinyanyuka, akaenda zake msikitini.

Nilipoolewa, mume wangu, Mungu amjaalie kheri, alinipeleka Aljeria, tukaulizia mpaka tukaipata nyumba yake mama. Mama alifungua mlango, akatabasamu, akaniuliza kwa upole kama nimefuata picha yake. Alinidhania mtazamaji wa filamu zake!

"Mimi Zuwena, mama. Wa Ibra."

Akashika ukuta. Kumbe yeye baba alimwambia mimi simtaki!

"Nimelia mbele ya watu umri wangu wote," akasema, "na leo machozi hayaji."

Tulikaa pamoja wiki moja, tukioneana haya kama wageni. Hakujua chai nainywa vipi. Mimi sikujua kama ana kisukari.

Wazazi wenzangu, mkishindwana, achaneni kwa wema. Lakini msimzike mtu aliye hai! Ugomvi wenu mtoto atausahau. Uongo je? Mimi kila Ijumaa namwendea baba, namwambia shikamoo, kwa kuwa ni baba... na kila Ijumaa neno hilo linanikwama kooni.