Nati za Benchi la Mbele

Kila asubuhi binti wa fundi cherehani alifagia darasa pamoja na wenzake. Siku hizi alifagia kwa hasira hadi vumbi likawatoa wenzake nje. Dirishani alimwona kijana aliyeiba cherehani ya mama yake, akikaza nati za mabenchi ya shule huku akipiga mluzi. Mwizi, tena mwenye raha zake!

Cherehani ilikwisha kuuzwa, haikuonekana tena. Mama alishona kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi. Lakini hakimu alisema sheria mpya inaruhusu kosa la kwanza litumikiwe nje ya gereza, akampa kijana kazi ya bure shuleni chini ya usimamizi wa afisa mmoja, mwanamke mpole. Akizembea, ataenda jela. Neno hilo la mwisho binti aliliweka moyoni.

Ijumaa, wenzake walipokwenda kucheza, aliazima spana kwa mlinzi wa shule akalegeza nati za benchi jipya la mbele, alilokuwa amelikaza kijana. Alijisikia vizuri, tusidanganyane. Mwizi angeipata fresh.

Kesho yake wazazi walikuwa na mkutano. Mama yake alichelewa, akakuta nafasi mbele tu, maana mkutanoni nani hupenda kukaa mbele? Hakuwahi hata kuketi sawasawa, benchi likasambaratika, akauangukia mkono wake wa kushonea.

Afisa alimgeukia kijana. "Nilikuonya kuhusu kazi ya ovyo. Jumatatu tunarudi kwa hakimu."

Kijana alikuwa amepiga magoti akimwinua mama.

Hicho ndicho binti alichokitaka. Lakini kiganja cha mama kilikuwa kinavimba mbele ya macho yake.

"Ni mimi," alisema. "Nililegeza nati. Nilitaka afungwe."

Watu waliguna.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umeniingiza mimi," alisema mama. "Mwanangu, kinachokuchoma kinanichoma na mimi. Alichoiba atakitumikia. Lakini akifungwa kwa kosa lako, hapo mwizi ni wewe."

Afisa aliamua kijana aendelee na kazi, na binti amsaidie kulitengeneza benchi.

Jumatatu binti alishika mbao, kijana akakaza. Hasira ya binti haikuwa imeisha. Walipomaliza, binti aliijaribu kila nati kwa mkono wake, kisha akamwita mama aje akae.