Sauti ya Mgongaji

"Akagonga tena," Ismaël alisoma, amekiinamia kitabu. "Mwanamke akauliza, nani? Nje ya mlango ikajibu sauti ya mume wake. Ile ile. Hata kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi kilikuwemo. Mwanamke akashika komeo."

Hapo akanyamaza.

Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Médiatrice, mwenye chumba hicho cha ushonaji, alikuwa ameisahau pasi ya mkaa juu ya kitenge cha mteja. Nje ilikuwa mchana kweupe, mtaa mzima wa Gitega, hapo Kigali, unauziana nyanya na chumvi, lakini humo ndani hakuna aliyethubutu kuutazama mlango.

"Sema basi," Médiatrice akamwambia. "Alifungua au hakufungua?"

"Kabla ya kufungua aligeuka," Ismaël akasema polepole. "Mume wake alikuwa amelala kitandani, nyuma yake. Alikuwa amelala muda wote."

Spès, binti aliyeshona hapo, alijichoma sindano kidoleni. Alikinyonya kidole, akabaki anatazama chini.

"Yezu wangu," Médiatrice akasema. Kisha akanusa. "Ismaël, utanichomea nguo za watu na hicho kitabu chako. Nipishe, pasi inaunguza."

Ismaël aliuza vitabu vikuukuu kule Nyabugogo, pembeni ya stendi ya mabasi. Hicho kimoja hakukiuza. Kilikuwa cha Kifaransa, kimechanika jalada, naye alikigeuza Kiswahili kadiri alivyosoma, siku moja kurasa mbili, siku nyingine tatu. Spès aliacha shule darasa la tano baba yake alipofariki, na Kifaransa alikiacha huko huko. Yote aliyoyajua kuhusu Mgongaji yalitoka mdomoni mwa Ismaël.

"Ana sura gani huyo Mgongaji?" wanawake walimuuliza kila mara.

"Kitabu hakisemi."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho. Anagonga tu, na anaita kwa sauti ya unayempenda."

Kwa hiyo kila mmoja alimpa Mgongaji uso aliouogopa mwenyewe. Spès alimpa uso wa wale watu waliogonga kwa jirani yao mwalimu mwezi wa kumi mwaka wa tisini, vita vilipoanza, wakamwita kwa jina lake, kwa upole kabisa. Mwalimu alifungua. Sasa ilikuwa tisini na mbili, na bado hajarudi.

Jioni hiyo Ismaël alimsindikiza Spès mpaka kwenye kona ya kwao.

"Spès, nikija kwenu nikagonga, utajuaje kama ni mimi?"

"Nitakuuliza."

"Utaniuliza nini?"

Alifikiri, anazungusha pindo la kitenge kidoleni. "Nitakuuliza, siku ya kwanza nilikuambia nini?"

Ismaël akacheka kidogo. Siku ya kwanza alikuwa ameingia kwa Médiatrice kuomba sindano na uzi ashone kitabu kilichoachana. Spès alimpa sindano, akainamisha uso, wala hakutoa hata salamu. Ilipita wiki nzima kabla hajamwambia neno.

"Hukuniambia chochote," alisema. "Sasa nitajibu nini?"

"Si unajua."

"Nitanyamaza."

"Unyamaze hivyo hivyo. Mtu mwingine hawezi kulijua hilo."

Lakini palikuwa na mtu mwingine aliyemtaka Spès, naye hakujua kunyamaza kabisa. Silvère alikuwa na banda la video upande wa chini wa barabara, deki yake, televisheni yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyefasiri. Filamu ikisema kwa Kiingereza, Silvère alisema kwa Kiswahili juu yake. Alisema kama mzungu mzee, kama binti, kama mbwa. Akichoka na filamu, aliiga watu wa mtaani, padri, muuza maziwa, askari wa kizuizi cha barabarani. Mama yake Spès, Mukankusi, alimpenda. Kijana mwenye televisheni, alisema, hawezi kumlaza mkewe njaa.

Ijumaa moja Silvère aliingia ushonaji akiwa na kaseti mkononi.

"Wamama, kile kitabu chenu kimekuja. Chenyewe, kimekuwa filamu. Kimetoka Bujumbura. Jumapili saa nane."

"Wewe Silvère, usitudanganye," Médiatrice akasema.

"Nikudanganye nipate nini? Ismaël, njoo usome hapa. Si jina la kitabu chako hili?"

Ismaël alilisoma. "Ndilo."

"Basi pumzisha koo lako, bwana. Watu watamwona kwa macho." Silvère akaegemea mlango, akakunja shingo kama anasoma, na Ismaël mwingine akasema kutoka mdomoni mwake: "Akagonga tena. Mwanamke akauliza, nani?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Spès hakucheka. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama.

Silvère alipoondoka, Ismaël alimsogelea.

"Usiende Jumapili."

"Kwa nini? Nimemwogopa miezi yote hii. Nataka kumwona."

"Ndiyo maana nasema usiende. Wewe Mgongaji wako umemtengeneza mwenyewe. Kule watakupa wa kwao."

"Unaogopa nini, Ismaël? Kwamba umetudanganya?"

Ilikuwa sentensi ndefu kwa Spès. Ismaël alikifunga kitabu.

Jumapili banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kreti za bia. Nusu yao walikuwa wamesikia kitabu kwa Médiatrice, nusu nyingine walikuwa wamesimuliwa na hiyo nusu ya kwanza. Spès alikaa katikati ya mama yake na Médiatrice. Ismaël alisimama nyuma, karibu na pazia la mlango.

Mgongaji alitokea hata kabla watu hawajakaa vizuri. Mtu mrefu aliyevikwa manyoya, meno ya plastiki, macho yanawaka kama taa za lori. Alipogeuka kuondoka, mgongoni pakaonekana kitu kinang'aa.

"Zipu," mtu akasema gizani.

"Ni zipu kweli. Angalia, amefungwa zipu."

Banda likalipuka kwa kicheko. Na Silvère, badala ya kufasiri, akaongeza yake. "Fungua, mama watoto, nimeleta nyama. Fungua, mvua inanilowesha manyoya."

Watu walilia kwa kucheka. Ile sehemu ya mume aliyelala kitandani haikuwepo kabisa. Palikuwa na kukimbizana kwa magari. Kila mahali ambapo Ismaël angenyamaza, filamu ilipiga tarumbeta, na tarumbeta zikikoma, Silvère alisema. Kufika katikati, watu waliosubiri tangu Ijumaa walianza kuinuka.

"Hiki si kile kitabu," mzee mmoja alinung'unika. "Mimi kile kilininyima usingizi wiki nzima. Hiki kinanisinzisha."

"Turudishiwe pesa," mwingine akasema.

"Kamdai Mgongaji," Silvère akajibu. "Nyinyi mlikuwa mnaogopa ngozi ya mbuzi, sasa mnanilaumu mimi?"

Spès alitoka akiwa ameshikwa na aibu. Ismaël alimfuata hadi barabarani.

"Miezi yote hii," Spès akasema bila kumtazama. "Silali. Mama anataka kwenda chooni, namwambia asifungue mlango. Kwa sababu ya mtu mwenye zipu."

"Kitabuni hana zipu. Kitabuni hana hata mgongo. Walilazimika kumtia mwili ili wampige picha, na hofu ikatoka hapo hapo."

"Au haikuwepo. Ulikuwa unanitisha tu, kama mtoto."

"Spès."

"Ule mchezo wa kuulizana mlangoni umekwisha. Nimekuwa kichekesho cha Silvère."

Akaenda zake. Wingu jeusi lilikuwa limeshika upande wa Nyabugogo.

Alifika nyumbani na mvua. Mama yake alikuwa ametoka bandani moja kwa moja kwenda Kanombe kumwona dada yake, angelala huko. Alikuwa amemwambia kila mtu bandani, Silvère akiwemo. Spès alisukuma komeo, akakaa kitandani. Haikuwa hata saa kumi na moja, mwanga bado uliingia kwenye ufa wa mlango, lakini mabati yalipigwa na mvua hata usingesikia mtu akilia nyumba ya pili.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Ni mimi, Spès. Nimekuja kuomba msamaha."

Ilikuwa sauti ya Ismaël, pamoja na ile pumzi yake fupi kabla ya jina. Moyo wa Spès ulilegea. Aliinuka upesi, akashika komeo. Chuma kilikuwa baridi, na ubaridi huo ukampanda mkononi kama neno. Yule mwanamke wa kitabuni alishika komeo hivi hivi.

Alijiambia asiwe mjinga. Alimwona Mgongaji leo, mchana, na zipu yake. Mgongaji hayupo. Lakini mwalimu alikuwepo, na waliomgongea walikuwepo, wala hawakuwa na manyoya.

"Fungua basi, nalowa," sauti ikasema.

"Siku ya kwanza," Spès akasema. "Siku ya kwanza nilikuambia nini?"

"Siku gani ya kwanza?"

"Siku tuliyoonana."

"Aa, hiyo. Uliniambia karibu. Uliniambia karibu, kaka, kaa kwenye stuli. Nani angesahau maneno yako matamu?"

Spès aliuondoa mkono kwenye komeo kama mtu aliyegusa jiko.

"Spès? Au uliniambia habari za mchana? Nimechanganya, mpenzi wangu, mvua hii. Ulisema jina lako. Ndiyo, ulisema unaitwa Spès."

Sauti ilisema, ikasema. Spès aliinama kwenye ufa. Aliona viatu, jozi tatu, havikuwa vya mtu mmoja. Kati yavyo palining'inia ncha ya blanketi, na kamba.

Akaelewa. Bibi yake mwenyewe alichukuliwa hivyo. Wanakuja wanaume, wanambeba msichana kwenye blanketi, analala usiku mmoja kwa anayemtaka. Kesho yake wanapeleka pombe ya ndizi na ng'ombe kwa mama, na mama afanye nini tena. Kinyarwanda wanaita guterura. Wazee wanaisimulia wakicheka. Bibi yake hakuwahi kuisimulia.

"Sukuma," sauti ikasema nje, na safari hii ilikuwa ya Silvère.

Komeo likalia. Spès, ambaye kanisani aliimba bila kutoa sauti, alifungua mdomo akapiga ukelele wa msaada, ule mrefu wa vijijini, usiokata. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mwanzoni hakuna aliyetoka. Alisikia makomeo ya majirani yakifungwa, moja, jingine. Mwaka ule watu hawakukimbilia ukelele. Akapiga tena.

Ndipo mlango mmoja ukafunguliwa.

"Nani analia hapo?" Ilikuwa sauti ya Médiatrice, aliyekaa nyumba chache kutoka hapo. "Silvère? Unafanya nini kwenye mlango wa Mukankusi?"

"Tunataniana tu, mama Médi. Nilikuwa namwigia Ismaël kidogo, acheke."

"Kweli? Na hao wawili wamekuja kucheka?"

"Wamenisindikiza."

"Na blanketi?"

"Mvua, mama."

"Mvua inafungwa kwa kamba?"

Mlango mwingine ukafunguliwa, na mwingine. Yule mzee wa bandani alitoka na mwichi wa kinu begani.

"Wewe mchana ulituonyesha Mgongaji wa uongo," alisema. "Kumbe wa kweli ulikuwa umemficha tumboni. Toka hapa, Silvère, kabla sijaitafuta zipu yako."

Majirani walivisikia vile viatu vikiteremka kwenye tope. Kuanzia siku hiyo Silvère akiiga mtu bandani hakuna aliyecheka, na haukupita muda akaihamishia deki yake mji mwingine.

Jioni ile, Spès alipofungua, Médiatrice alimshika mabega, akamwacha ajifungie tena, yeye akaenda kuchemsha maziwa. Mvua ilipungua. Spès alisimama katikati ya chumba.

Mlango ukagongwa.

"Spès."

Sauti ile ile. Pumzi ile ile fupi kabla ya jina. Alitaka kupiga ukelele tena, ukelele haukuja. Alisogea mpaka karibu na ufa, lakini hakuinama. Aliogopa viatu.

"Siku ya kwanza," alinong'ona, "nilikuambia nini?"

Nje pakawa kimya.

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, tone, tone. Kimya hakikukoma. Hakikuomba afungue, wala hakikusema nalowa. Kilingoja tu, kama kijana aliyesimama mbele ya cherehani na kitabu kilichoachana, anayengoja sindano.

Spès akavuta komeo.

Ismaël alikuwa amelowa mpaka kwenye kope. Kitabu alikuwa amekiweka ndani ya shati.

"Nilikutana na watu njiani, wakaniambia," alisema.

"Nilikuambia mchezo umekwisha. Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema, ungefungua?"

"Hapana."

Machozi yakamtoka. Ismaël hakujua aweke wapi mikono yake, akakitoa kitabu shatini.

"Ingia," Spès akasema. "Mlango uache wazi, Médiatrice analeta maziwa. Halafu nisomee mwisho."

"Utaogopa."

"Nataka kuogopa. Leo hofu ndiyo iliyoniokoa."

Mukankusi aliporudi kutoka Kanombe na kusikia habari ya kamba, alikaa chini, hakuitaja televisheni tena. Mwaka uliofuata Spès na Ismaël walifunga ndoa mbele ya burugumesta, mkuu wa komini. Alipoulizwa kama amekubali, Spès alijibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama nje, na Médiatrice akasema hajawahi kumsikia hivyo ila siku ile ya ukelele.

Walipanga chumba hapo hapo Gitega. Mwaka huo milango mingi ya Kigali iligongwa, na watu walijifunza kuzima taa kabla ya kuuliza nani. Kila jioni, Ismaël akitoka Nyabugogo, aligonga taratibu. Spès aliweka mkono kwenye komeo, moyo unamdunda kila siku kama siku ya kwanza, akauliza swali lake.

Akangoja mpaka asikie kimya kile. Ndipo akafungua.