Mume Wangu Aliing'oa Barabara Yangu Mchana Kweupe

"Simamisha hilo dude! Nimesema simamisha!"

Dereva alinitazama mimi, kisha akamtazama mume wangu.

Mume wangu akapunga mkono. Endelea.

Meno ya mtambo wa kukwangua lami yakazama kwenye barabara yangu... krrrrr! Vumbi likatimka. Kitu nilichokihangaikia kuliko hata harusi yangu kikaanza kutemwa vipande vipande ndani ya lori.

Nilitoka mbio na koti langu la maabara, nikasimama mbele ya mume wangu nikihema.

"Unafanya nini?"

"Kazi."

"Hiyo ni barabara yangu!"

"Ni barabara ya kampuni." Hakuninyanyulia hata jicho. "Inatitia. Nimewaambia ofisini, wamekubali iondolewe."

"Inatitia wapi? Nionyeshe!"

"Usinitie aibu mbele ya watu."

Jamani... eti MIMI ndiye ninayemtia aibu!

Mtambo ulipofika mwisho, karibu na geti la kampuni, dereva akapiga honi. Gari la mume wangu lilikuwa limeegeshwa palepale juu ya lami.

"Injinia, sogeza gari nimalizie!"

"Geuza. Hapo tutapatoa siku nyingine."

Wasomaji wangu, hilo gari mliweke akilini. Nitalirudia.

Sasa ngoja niwaeleze mimi ni nani, maana najua mshaanza kuniuliza barabara inakuwaje ya mtu mmoja.

Mimi ni mkuu wa maabara kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara. Kazi yangu ni kupika lami kwa vipimo, kuibana, kuiloweka, kuivunja, halafu kuanza upya. Mume wangu ni injinia msimamizi wa miradi kwenye kampuni hiyohiyo. Tulikutania hapo kazini. Watu walisema tumependana kwenye moshi, na kweli tulinukia lami hadi siku ya harusi!

Mimi nilikuwa na wazo lililoninyima usingizi. Mifuko ya plastiki iliyoziba mitaro ya mji mzima, kwa nini tusiitie barabarani?

Si uchawi. Unaichambua mifuko, unaiosha, unaianika mpaka ikauke kabisa, unaisaga. Kokoto zikishapata moto sawasawa unamwaga plastiki juu yake, inayeyuka na kuzivaa zile kokoto, ndipo unatia lami. Unaongeza dawa kidogo ya kuifanya lami ishike. Maji ya mvua yakija hayapati pa kupenya.

Ofisi ikanipa kipande cha majaribio, kutoka geti letu hadi njia panda ya sokoni. Na kikundi cha kina mama wa kuchambua plastiki nacho nikapewa. Kiongozi wao nilimchagua mwenyewe.

Mama mkwe wangu.

Msinicheke. Mama yule tulipendana kweli. Mumewe alipofariki alikuwa anakaa tu nyumbani akigombana na redio. Nikamwambia, "Mama, njoo tufanye kazi." Akaja na khanga yake na kiti chake, akawa bosi kuliko mimi!

Siku moja tu ndiyo alinikorofisha. Wakati tunasaga mzigo wa barabara ya getini, nilikuta mashine inatema vipande vya kijani.

"Mama! Hizi si chupa za soda?"

"Plastiki si plastiki tu, mwanangu?"

"Hapana, Mama! Mifuko inayeyuka, chupa haziyeyuki kwa moto wetu. Zitabaki punje punje humo ndani!"

"Basi barabara itapendeza," akasema, akajifuta jasho. "Kijani ni rangi nzuri."

Nilicheka, lakini nilimgombeza. Zilikuwa kidogo, hazikuwa na madhara, nikaziacha. Ila kuanzia siku ile chupa zikapigwa marufuku pale uani tulipochambulia. Kila aliyeingia na gunia, Mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kulimwaga chini na kulipekua!

Barabara ikawekwa. Mwanzoni ilikuwa nyeusi tii. Magari yalipoisugua, kokoto zikajitokeza, na katikati yake vile vinukta vya kijani vikawa vinametameta juani. Mvua zikaja zikaondoka. Hakuna shimo. Hakuna ufa.

Watu wa sokoni wakanipa jina, Mama Mifuko.

Na mume wangu? Siku moja tulipita pamoja, muuza viatu akaita, "Huyo mume wa Mama Mifuko, karibu viatu!"

Mimi nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Ningejua...

Haukupita muda mrefu, ndipo akaleta ule mtambo.

Baada ya barabara yangu kung'olewa, nilipewa likizo ambayo sikuiomba. Kikundi cha Mama kikavunjwa. Nyumbani mume wangu alikula kimya, akalala kimya. Nikimuuliza, anasema, "Yameisha hayo, mke wangu. Si kila wazo ni zuri."

Nililia. Nikaanza kuamini kwamba labda kweli ilititia, labda mimi ndiye sikuona.

Halafu likaja tangazo. Injinia ameweka lami mpya kwenye barabara ya hospitali. Mchanganyiko wa kisasa! Aliubuni mwenyewe!

Wakubwa wa mji walikuja. Mkurugenzi wa barabara za mji akamshika mkono, picha zikapigwa, na mume wangu akapandishwa cheo palepale. Mimi nilikaa safu ya tatu na gauni langu zuri, nikampigia makofi. Nilimpigia makofi kweli, jamani, viganja vikauma! Ni mume wangu, nilifurahi kwa ajili yake.

Lami ilikuwa mpya, nyeusi tii. Haikuonyesha kitu.

Wiki kadhaa baadaye nikampeleka Mama hospitali kupima presha. Tulikuwa tunavuka, jua limewaka, nikainamisha kichwa...

Nikasimama ghafla.

Kijani.

Vinukta vya kijani, barabara nzima! Nikachuchumaa katikati ya njia, magari yananipigia honi. Nikagusa kwa kidole. Ni chupa zetu. Hakuiondoa barabara yangu, aliihamisha! Aliisaga, akaipasha moto, akaimwaga hapa na kuipa jina lake!

"Mama! Mama, tazama chini!"

Mama akatazama chini. Alitazama muda mrefu. Nilimwona kabisa midomo ikimtetemeka.

"Unaziona chupa zako?"

Akageuza uso upande wa geti la hospitali.

"Mama, nakuomba. Twende ofisini ukaseme. Wewe ndiye uliyezichambua. Ukisema wewe wataamini."

Akajivutia khanga usoni.

"Mwanangu, macho yangu yameisha siku hizi. Mimi sioni kijani chochote."

Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Siku ile nilihisi nimefiwa tena, pale pale mbele ya hospitali.

Nyumbani nikamkabili mume wangu.

"Ile ni barabara yangu."

"Unaumwa wewe."

"Uliitia dawa ya kulainisha?" Lilinitoka tu. Hata kwenye hasira bado nilikuwa mtu wa maabara. "Lami iliyokwisha kutumika inakakamaa. Ukiipasha moto bila dawa, itapasuka!"

Nilimwona akipepesa macho. Hakujua. Madebe ya ile dawa yalikuwa maabara kwangu, na hakuja kuuliza, maana angekuja kuuliza angekuwa amekiri.

"Wivu tu," akasema, akawasha televisheni.

Mvua za kwanza zilipopiga, barabara ya hospitali ilipasuka kama mkate mkavu. Za pili zikachimba mashimo. Gari la wagonjwa likakwama na mama mjamzito ndani, watu wakalisukuma kwa mikono huku mwenzetu analia kwa uchungu. Namshukuru Mungu alijifungua salama, lakini mji ulichafuka!

Mkurugenzi akaja mwenyewe. Kampuni nzima tukaitwa pale barabarani, hadi kina mama wa kuchambua plastiki. Wananchi wametuzunguka, wana hasira.

Mkurugenzi akainama kwenye shimo, akachomoa kipande cha lami, akakigeuza.

"Injinia, hizi plastiki za kijani zimetoka wapi?"

Mume wangu alikitazama kile kipande. Akageuka. Akaninyooshea kidole.

"Muulizeni mke wangu. Huu mchanganyiko ni wake. Mimi nilimwamini tu."

Mmemsikia? Makofi yalipokuwepo mchanganyiko ulikuwa wake. Mashimo yalipokuja... ukawa wa mke!

"Ni kweli!" Sauti ikapaa kutoka nyuma.

Mama mkwe. Akapenya watu, khanga imefungwa kiunoni, kidole hewani.

"Ni kweli kabisa! Ni za huyu! Nilizichambua mimi kwa mikono yangu. Mwanangu hana kosa!"

Macho yalikuwa yamepona ghafla.

Nilitaka kukana. Wallahi nilitaka! Ningesema si yangu, ningetoka pale msafi. Lakini ningekuwa nimeikana kazi yangu mbele ya mji mzima.

"Mama," nikasema taratibu, "hizo chupa za kijani tulizisaga mara ngapi?"

"Mara moja tu! Si ulinigombeza? Ukapiga marufuku?"

"Zikaenda barabara gani?"

"Si ile ya geti..."

Akamtazama mwanawe. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Lakini lilikuwa limeshatoka.

Nikamgeukia mume wangu. "Ndiyo, ni yangu. Nisaidie basi. Kama ilikuwa mbovu, mbona uliirudisha mbele ya hospitali? Na kama ilikuwa nzima, mbona uliing'oa?"

Jibu lolote kati ya hayo mawili lingemmaliza.

"Bosi," nikamwambia Mkurugenzi, "kuna kipande cha barabara yangu kimebaki. Twende."

Tukatembea hadi getini, umati nyuma yetu. Na pale pale, kama kawaida yake kila asubuhi, gari la mume wangu lilikuwa limeegeshwa. Siku nyingine ya kupatoa haikufika kamwe.

"Sogeza gari," Mkurugenzi akasema.

Mara hii alisogeza.

Chini yake palikuwa na kipande cha lami kinachotosha gari moja tu. Hakikuwa na ufa wala shimo. Kilikuwa kimelowa mvua, na vinukta vya kijani vinametameta. Mkurugenzi alikipiga kwa kisigino, akapiga tena, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

Najua mnasubiri niseme nilishinda.

Mume wangu alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, sawa. Lakini Mkurugenzi aliponigeukia mimi alisema hivi:

"Nimekuelewa, dada. Ila wananchi wameshachoka kusikia habari za plastiki. Kwenye mji huu, basi."

Basi! Neno moja, kazi yangu yote ikaisha. Mifuko imerudi mitaroni. Kina mama wale wamerudi majumbani. Mimi nilirudi kwetu na begi langu, ndoa nikaiacha pale pale getini.

Mama mkwe alinifuata siku moja. Alikaa kwenye ncha ya kiti, amekonda.

"Mwanangu, ulijua litanitoka. Ungenikonyeza tu siku ile, ningenyamaza."

"Mama," nikamwambia, "siku niliyokuomba useme, ulinyamaza bila kukonyezwa."

Alilia. Na mimi nililia. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Funzo langu ni hili, wewe unayenisoma. Mtu akiibomoa kazi yako na kukwambia haifai, usibaki kulilia vumbi kama nilivyofanya mimi. Lifuate lile lori. Ujue linakwenda kumwaga wapi.

Kipande changu bado kipo pale getini. Nasikia siku hizi anaegesha injinia mpya.