Nani Kakufungia Kiyoyozi?

Jumamosi ile duka kubwa la mjini lilikuwa limefurika watu, na katikati ya msongamano huo msichana mmoja aliyevaa sweta la sufu alikuwa ameinama, kichwa na mabega yote yamezama ndani ya jokofu la samaki. Naam, sweta. Nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, hewa imelowa chepechepe, na yeye kavaa sweta. Msimcheke. Alikuwa ndiyo kwanza ameteremka kutoka milimani, kule ambako watu hulala na soksi, na begi lake halikuwa na nguo nyepesi hata moja.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "ukimaliza kuwasalimia hao samaki, naomba nafasi. Nimekuja kulihudumia hilo jokofu."

Akajiinua haraka. Miwani yake ikaingia ukungu papo hapo, na mtu aliyesimama mbele yake akawa kivuli tu chenye mkoba wa zana.

"Limeharibika?"

"Bado. Ila ukiendelea kulipumulia hivyo, litaharibika leo leo."

"Samahani, kaka. Nilikuwa natafuta..."

"Ulikuwa unatafuta baridi. Sema tu, hakuna atakayekushtaki."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Hapo ndipo alipomwona: kijana mrefu, ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi, bisibisi nyuma ya sikio, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Fundi wa viyoyozi na majokofu. Jamani, wengine wana bahati zao: msichana anakufa kwa joto, analetewa fundi wa baridi mpaka miguuni.

"Hiyo miwani vipi?" fundi akauliza. "Mbona imeziba ghafla?"

"Kioo kikitoka kwenye baridi kikakutana na unyevu, lazima kizibe. Nafanya kazi duka la miwani, nasaga lenzi. Hayo ndiyo mambo yangu."

"Kumbe fundi mwenzangu! Basi nakupa jina. Barafu."

"Haya. Na wewe nikuite nani?"

"Fundi inatosha. Namba yako ya simu je?"

"Una haraka wewe!"

"Barafu inayeyuka, dada. Nikichelewa nitakuta maji."

Akacheka mpaka akashika ukingo wa jokofu. Namba akatoa.

Simu zikaanza. Asubuhi Fundi anapiga kuuliza kama amelala. Jioni anapiga kuuliza kama amekula. Ukweli ni kwamba Barafu alikuwa halali. Alikuwa amepanga chumba ghorofa ya juu, ngazi zake nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani. Shuka zilimganda mwilini. Harara zilimtoka shingoni. Viatu vyake vya ngozi viliota ukungu kabatini, na mkate ukimaliza siku mbili unakuwa na ndevu.

"Vaa pamba," Fundi alimwambia. "Oga kabla ya kulala, usijifute sana. Na jioni fungua dirisha, upepo uingie."

"Nifungue dirisha jioni? Sisi kwetu jua likishuka tu tunafunga kila kitu."

"Kwenu mnafunga baridi isiingie. Hapa ukifunga unajipika."

Alisikia, lakini mkono una mazoea yake. Kila jioni alijikuta ameshafunga dirisha, komeo limebanwa, bila kukumbuka alilibana saa ngapi. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Bibi alimlea tangu akiwa mchanga, akamwita Kifaranga, akamlaza kifuani chini ya blanketi moja zito la sufu. Alipopata kazi ya mjini, bibi alikuwa kitandani, amebakiza kifua na sauti tu. "Huko joto litakutesa, Kifaranga wangu," alisema. "Usijali. Nikiondoka hapa nitakuletea baridi." Wakacheka wote wawili. Wiki hiyo hiyo wakamzika, na mjukuu akaja mjini na lile blanketi chini ya begi.

Basi siku moja, akitafuta harufu ya ukungu inatoka wapi, alilivuta blanketi lile akalitandika kitandani lipigwe hewa. Akajilaza juu yake kidogo. Akalala usingizi mtamu, usingizi wa nyumbani. Na alipoamka chumba kilikuwa kimepoa.

"Fundi, nimezoea!" akapiga simu kwa furaha. "Silowi tena jasho!"

"Haraka hivyo? Mimi nimezaliwa hapa na sijazoea."

"Wivu huo."

Mimi ningekuwa yeye ningejiuliza. Ningejiuliza kwa nini maji ya kikombe cha kando ya kitanda yana utando mwembamba unaovunjika ukiugusa. Ningejiuliza kwa nini pumzi yangu inaonekana. Lakini mtu aliyeteseka na joto haulizi baridi imetoka wapi. Hata alipohisi, kati ya usingizi na macho, blanketi likivutwa taratibu mpaka kidevuni, alifikiri anaota. Na sauti iliyosema "Kifaranga, funga dirisha," aliijibu kabisa: "Nimeshafunga, Bibi." Kisha akageukia ukutani.

Fundi ndiye aliyeanza kuona mambo. Jumapili moja alimfuata wakatembee. Barafu akatoka mlangoni, amependeza, gauni la pamba la rangi ya machungwa, hereni ndogo, nywele amezibana juu. Akakanyaga ubao wa kwanza wa ngazi, na miwani yake ikawa nyeupe pepepe.

Tabasamu la Fundi likakauka.

"Barafu, humo ndani una kiyoyozi?"

"Nikitoe wapi?"

"Miwani imeziba. Ulinifundisha mwenyewe inaziba kwa nini."

"Labda ni joto lenu tu. Twende bwana."

Akamshika mkono. Ulikuwa mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo kwa maji ya mtoni. Kitu kikamchoma Fundi moyoni. Mwanamume mwingine angeogopa maradhi. Yeye fundi, akili yake ilikwenda kwenye kazi: kuna fundi mwingine. Kuna mtu amepanda ngazi hizi na kiyoyozi begani, akamfungia Barafu kimyakimya. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo katika kazi yao.

Walitembea, wakanywa soda, maongezi hayakunoga. Walirudi jua likizama. Barafu aliinamia mkoba kutafuta funguo, na Fundi akainua macho kulitazama dirisha lake. Madirisha yote ya jengo lile yalikuwa wazi. La Barafu lilikuwa limefungwa, na kioo kinatoka jasho. Jasho la nje. Fundi wa viyoyozi haambiwi maana yake: kioo kikilowa kwa nje, ndani kuna baridi kali. Kisha, katikati ya ukungu ule, kikajitokeza kiganja, cheupe zaidi, kana kwamba mtu aliyeko ndani amekiegemeza kwenye kioo kuchungulia nani amemrudisha msichana. Kikakaa. Kikaondoka.

"Umeniambia unaishi peke yako," Fundi akasema.

"Ndiyo." Barafu akainua kichwa. "Vipi tena?"

"Kuna mtu chumbani kwako. Nimemwona."

"Acha mzaha, utanifanya niogope kuingia."

"Mzaha unao wewe! Nani kakufungia kiyoyozi?"

"Fundi!"

"Mwambie huyo bwana wako kazi yake mbovu. Kioo kinachuruzika mpaka barabarani."

Barafu alimtazama, funguo mkononi. "Njoo juu uone basi. Njoo uhesabu hao mabwana."

"Siji kupigana na mtu kwa ajili ya mwanamke anayenidanganya," akasema, akaondoka zake. Mpumbavu. Angepanda tu ngazi, hadithi hii ingekuwa fupi.

Barafu akaingia, akalia, akajifunika blanketi. Na chumba, kana kwamba kimemhurumia, kikazidi kupoa. Kesho yake hakuenda kazini, wala siku iliyofuata. Mama mwenye nyumba aligonga mlango, akasema kwa nje, "Mwanangu, kitasa chako mbona kimeganda hivi?" Akajibiwa kwa sauti ndogo kwamba ni mafua tu. Akashuka huku akipuliza vidole, akijisemea makubwa haya.

Fundi naye hali haikuwa nzuri. Alifunga nyaya kinyume, akavuna matusi ya wateja. Adhuhuri ya siku ya nne, akiwa juu ya paa la ofisi fulani, jua linamchoma mgongo, kiburi kikamwisha. Akapiga simu. Ikaita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa. Kwanza alisikia upepo, upepo mrefu wa mlimani, na mtu mzee anakohoa mbali. Halafu sauti yake.

"Fundi."

"Barafu, nisamehe. Mbona unaongea hivyo?"

"Nimechoka. Nimejifunika na bado natetemeka. Vidole sivisikii."

"Na huyo bwana anakuangalia tu?"

"Bwana gani, Fundi? Wallahi sina mtu."

"Lakini nilikiona kiganja kwenye kioo! Kiganja kidogo, cha mkono wa kulia, hakina kidole cha mwisho."

Upepo ule wa kwenye simu ukanyamaza.

"Rudia," Barafu akasema.

"Hakina kidole kidogo. Kimekatika hapa chini kabisa."

"Fundi, hicho kidole kilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, nikalia kuliko yeye. Huyo ni bibi yangu."

"Yule uliyemzika?"

"Yule tuliyemzika."

Nywele zilimsimama Fundi, juani pale pale. Lakini alikuwa ameshaanza kuteremka ngazi ya paa, simu imebanwa begani.

"Sikiliza, mpenzi. Mimi najua kupoza chumba. Najua na ubaridi unaoua mtu. Fungua dirisha. Fungua na mlango. Nakuja."

"Atasema nifunge."

"Atasema kwa kuwa anakupenda. Fungua hivyo hivyo."

Barafu akaweka simu chini. Miguu ilikuwa mizito, na sakafu ilimchoma nyayo kwa baridi. Kwenye kioo, kiganja kilikuwa pale, kikimsubiri. Akanyoosha mkono kwenye komeo.

"Kifaranga," sauti ikasema, karibu sana, yenye harufu ya moshi na maziwa. "Ukiacha wazi tu, utaungua."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Rudi kitandani nikufunike."

Alitaka kurudi. Nisiwadanganye, alitaka sana. Ni nani aliyewahi kumpenda hivyo, mpaka akatoka kaburini kumletea ubaridi? Machozi yalimtoka, yakaganda kabla hayajafika kidevuni.

"Bibi, ulichoahidi umeleta," akasema. "Nimelala vizuri, nimelala kama zamani. Lakini baridi yako ni ya huko uliko. Mimi bado niko huku. Nikiendelea kulala nayo, nitakufuata."

Kiganja kikazidi kung'ang'ania kioo.

"Kuna mtu nampenda. Ana wivu na anaongea sana, ungemcheka. Niache niungue kidogo, Bibi. Nitazoea. Nitakukumbuka kila nikitoka jasho."

"Hata blanketi hutalitaka?" Sauti ilikuwa imepungua, ya kizee kabisa, inauliza kama mtu anayetafuta fimbo yake aondoke.

"Blanketi nitalitunza. Wajukuu watalitaka."

Akavuta komeo. Lilimng'ang'ania vidole, kisha likaachia, na joto la mji likaingia lote kwa mkupuo: moshi, honi, unyevu, jua. Akafungua na mlango.

Fundi alikuwa amefika katikati ya ngazi, akihema, ovaroli limelowa mgongoni, alipohisi baridi inateremka kumkabili. Haikuwa upepo. Ilishuka polepole, ubao kwa ubao, kwa mwendo wa mtu mzima anayeogopa kuteleza. Chuma cha kushikia kikapata weupe mbele ya macho yake. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbia. Badala yake akafanya alivyofundishwa na mama yake kufanya akikutana na mzee njiani: akajibanza ukutani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi."

Baridi ikasimama. Kitu kikamgusa begani, kidole gumba na vingine vitatu, kikampigapiga taratibu. Kisha ikaendelea kushuka, na chini mlango wa jengo ukajifunga wenyewe.

Alipoinua macho, Barafu alikuwa amesimama juu ya ngazi, kajishikilia mlangoni, nywele timutimu, gauni limemganda. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Na miwani yake ilikuwa safi, haikuwa na ukungu hata chembe, na nyuma yake macho yalikuwa yanamwona Fundi vizuri kabisa.

"Amepita?" akauliza.

"Amepita. Nimemsalimu."

Hapo wote wawili wakalia, wamekaa kwenye ubao wa juu, wameshikana mikono inayoteleza kwa jasho.

"Barafu," Fundi akasema baadaye, "nataka nikuoe. Amenigusa bega, mimi nimechukulia kwamba amekubali."

"Kwa sharti moja."

"Sema."

"Nyumbani kwetu hufungi kiyoyozi."

"Loo! Nioe mimi fundi wa viyoyozi, mke wangu ajipepee na gazeti? Watu watasemaje?"

"Watasema umepata mke wa joto," akajibu, akaegemeza kichwa chake kwenye lile bega. Lilikuwa bado la baridi, na alikaa hapo mpaka likapata moto.