Mbuzi Kumi na Wawili Walisubiri Rezo

Nina miaka thelathini na tatu, ni mushonaji wa nguo hapa Goma, mtaa wa Majengo, na mimi si mutu wa kusamehe haraka. Nalisema mapema ili musitegemee upole kwangu. Wasomaji wenzangu, mukitaka kisa cha mwanamke aliyelia, akasali, akasamehe, basi tafuteni ukurasa mwingine... Hapa kuna hasira, na bado ina moto!

Jina langu ni Katungu. Nilizaliwa Butembo. Papa yangu ni katekista na mkulima wa maharagwe, muzee ambaye akisema neno halirudi nyuma. Nilikuja Goma nikiwa msichana, kwa shangazi yangu Kahambu, nikajifunza cherehani nikabaki. Kila Noeli nilipanda gari kwenda kumwona papa. Kisha vita ikafunga barabara, ndege nazo zikaacha kutua, na Butembo ikawa mbali kuliko Ulaya.

Faustin alikuja kwangu kukunjisha suruali. Alikuwa anafanya kazi Bunagana, mpakani na Uganda, ya kupitisha mizigo ya watu kwenye duane ya ushuru. Mutu wa maneno matamu, viatu vinang'aa hata kwenye haya majivu yetu ya volkeno. Wiki moja alikuwa Goma, wiki mbili Bunagana. Sikuuliza kitu. Kazi ni kazi, sivyo?

Mwaka wa pili nikapata mimba. Muzee Bahati, baba yake mkubwa aliyemlea, alipopata habari hakutaka mchezo. Alichagua mwenyewe mbuzi kumi na wawili kutoka kundi lake la Masisi, akasema mahari itolewe kabla tumbo halijaonekana. Faustin akainamisha kichwa, akaitika. Nilidhani ni haya ya bwana arusi... Jinga mimi!

Kwetu, mbuzi peke yao hawaoi mutu. Familia ya mwanaume inaleta vitu, kisha baba anamuuliza binti mbele ya wote: "Hawa watu unawajua? Tupokee?" Binti anajibu, na baba anasema, "Tumepokea." Neno hilo la baba ndilo ndoa. Mutoto akizaliwa kabla ya neno hilo, kwa baba hana kwao. Nami nilikuwa nimebeba mutoto, na baba mwenye neno yuko ng'ambo ya vita.

Ndipo Faustin akaleta ile antene. Ya satelite, nyeupe, imevushwa kutoka Uganda, akaunti kwa jina lake na simu yake. Rezo, mtandao wa simu zetu, haibebi video ya saa nzima, na wazee hawapokei neno la baba wasiyemwona, lakini antene hii ingebeba. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Faustin akaifunga juu ya bati la nyumba, akanionyesha namna anavyoiongoza kwa kidole, tik, tik, kwenye simu. Nikamwona fundi, nikamwona mwokozi! Niambieni, nani kati yenu angestuka? Mwanaume anayenioa ndiye aliyeshika mkononi sauti ya baba yangu, na sisi tukamshangilia.

Jumamosi ya kwanza, mbuzi walifungwa uani juu ya mawe ya volkeno, wanalia mbee, mbee. Wazee wa Faustin wamekaa na makoti yao. Kwenye televisheni ya shangazi alionekana papa katika ukumbi wa parokia, kavaa koti lake la Pasaka, kaka zangu wamemzunguka. Ee, nilimwona papa wangu! Alikuwa amekonda. Muzee Bahati akasema maneno yake yote ya heshima, papa akasafisha koo.

"Binti yangu Katungu, hawa watu una..."

Giza.

"Rezo!" wote wakasema kwa pamoja. Mji huu rezo inabeba dhambi za kila mutu. Tulingoja mpaka wali ukapoa. Faustin ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisimama na simu yake mkononi, akatukana ile kampuni na mama zao. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, kwa ile hasira yake.

Jumamosi ya pili ikakatika mahali pale pale, papa akifungua mdomo. Jumamosi ya tatu tena! Shangazi alianza kunyunyiza maji ya baraka juu ya televisheni.

Na mbuzi? Baba hajawapokea, kwa hiyo si wetu. Wameshaletwa, kwa hiyo si wao. Hawachinjwi, hawarudi. Majengo hakuna majani, ni jiwe tupu, shangazi akawa anatuma watu upande wa Kanyaruchinya kutafuta majani ya viazi. Mmoja alikula mkono mzima wa gauni la mteja wangu. Nilimpiga kwa mita ya kushonea, akanitazama tu, anatafuna!

Nikamwambia Faustin awaandikie wenye antene. Akacheka. Akanipa neno la siri la akaunti yake, akasema, "Ongea nao wewe, mama. Mimi sina wakati wa kubembeleza mashini." Alijua wanavyojibu, ndiyo maana hakuogopa.

Jamani, ile huduma ya wateja! Hakuna namba ya simu, hakuna ofisi ya kwenda kugonga meza. Unaandika, mashini yenye jina la kike inakujibu kwa Kifaransa kitamu: tunaelewa usumbufu wako. Umejaribu kuzima na kuwasha? Nimejaribu! Umeangalia waya? Nimeangalia! Je, jibu hili limekusaidia? Nilibonyeza "hapana" mpaka kidole kikaniuma. Kesho yake naambiwa ombi langu limefungwa kwa sababu tatizo limekwisha. Limekwisha kwa nani?

Wakataka picha ya anga juu ya antene. Nikapanda juu ya bati na mimba yangu, shangazi ananishika mguu anaita watakatifu wote. Nikatuma picha. Jibu likaja: kuna kizuizi upande wa kaskazini, tafadhali kiondoe. Kizuizi gani? Volkeno! Nyiragongo, na moshi wake! Wanataka nimsogeze Nyiragongo!

Wakati huo papa alituma neno kwa simu ya kaka yangu. Alisema: "Mara tatu, kwenye neno lile lile! Mimi ni mutu wa sala, labda Mungu anazuia, tungojee kwanza." Tungojee? Tumbo linangoja? Nilikaa sakafuni katikati ya vitambaa nikalia kama mutoto. Kisha nikachukua simu nikaandikia ile kampuni kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu hakitoshi kulaani. Niliwaandikia kila kitu: mbuzi, papa, mimba, neno lililokatwa mara tatu. Nikamaliza kwa matusi ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Siku mbili baadaye likaja jibu. La Kiswahili! Kiswahili kile laini cha watu wa pwani.

"Dada Katungu, pole sana. Mimi ni Zuhura, ni binadamu. Nimesoma yote, hata matusi. Antene yenu haina ubovu wowote. Hizo Jumamosi tatu ilipewa amri ya kulala, kutoka kwenye simu ya mwenye akaunti. Baada ya saa moja na nusu, simu hiyo hiyo ikaiamsha. Nimekuwekea saa kamili hapa chini."

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena... Niliwakumbuka wale wazee wanatukana rezo, na yeye amesimama katikati yetu, simu mkononi, kidole kimeshafanya kazi!

Nikaingia ndani ya akaunti, safari hii kwa macho ya mwizi. Kulikuwa na antene mbili, si moja. Yetu imeandikwa "Goma". Ya pili iko Bunagana, imeandikwa "Nyumbani", na chini yake namba ya simu.

Nilipiga. Akaitika mwanamke mwenye sauti ya upole, anaitwa Mama Neema. Nikajifanya mushonaji wa familia ya Faustin, nachukua vipimo vya sherehe. Akafurahi! Akaniambia bila kuulizwa kwamba ana watoto wawili na Faustin, na huu ni mwaka wa sita anangoja mahari. Kila mwaka Faustin anamwambia wazee wake hawako tayari, barabara ni mbaya. Hao wazee hajawahi kuwaona hata mmoja.

Ndipo nikaelewa. Faustin hakutaka kuniacha, na hakutaka kunioa. Alitaka nyumba mbili zisizo na neno la baba yeyote, na aibu yote abebeshwe rezo. Kumkatalia muzee Bahati usoni hakuweza. Kidole kimoja kikamtosha.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, na msiseme sikuwaambia mimi ni mutu wa namna gani.

Sikumwambia mutu, hata shangazi. Faustin nilimpikia sombe, nikamsugua mgongo. Nikampigia papa mwenyewe, nikamlilia: Jumamosi moja tu, papa, ya mwisho, kwa ajili yangu. Akasema, "Haya, mutoto wangu." Na Mama Neema nikamwambia Jumamosi kuna furaha ya familia, muzee Bahati atakuwepo, ajiunge kwa video, avae vizuri na watoto pia. Alinishukuru. "Aksanti sana, dada," akasema. Asubuhi ya siku yenyewe nikabadilisha neno la siri la akaunti ya antene.

Watu wakakaa, mbuzi wakalia, papa akatokea. "Binti yangu Katungu," akasema, "hawa watu unawajua? Vitu vyao tuvipokee?"

Mara ya kwanza swali likafika mwisho! Mimi sikumtazama papa. Nilimtazama Faustin. Alikuwa anabonyeza. Anabonyeza tena, jasho limeanza kwenye paji la uso, kidole kinapiga kioo kama anaua chawa. Antene haikumsikia. Utamu nilioupata pale, wasomaji wenzangu... Mungu anisamehe, sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile!

"Papa," nikasema, "kabla sijajibu, kuna mgeni."

Nikafungua mlango wa video, Mama Neema akatokea. Kavaa hereni zake, kasuka nywele, watoto wawili mapajani wamepakwa mafuta wanang'aa. Yule mdogo alipomwona Faustin aliruka. "Papa! Papa yuko kwenye televisheni!"

Muzee Bahati alisimama. Nikasoma maneno ya Zuhura kwa sauti, Jumamosi moja moja, saa kwa saa. Muzee akampokonya Faustin simu, akavaa miwani, akatazama. Kioo kilikuwa kimeandika: neno la siri si sahihi.

"Ni wewe?" akauliza muzee. "Ni wewe ulikuwa unamuzimia mutu mukubwa mdomo?"

Faustin akasema, "Muzee, acha nieleze..." Muzee hakuacha aeleze. Alimtemea mate miguuni, akatoka uani, akafungua kamba za mbuzi mmoja mmoja kwa mikono yake. Faustin alifukuzwa kama mwizi wa kuku, majirani wanazomea mpaka barabarani. Nilipiga makofi! Ndiyo, nilipiga makofi, mwanamke mwenye mimba, katikati ya sebule.

Kisha nikageuka kwenye televisheni.

Mama Neema alikuwa amewaziba watoto macho kwa viganja vyake. Alikuwa ananitazama mimi. Yule aliyemwambia avae vizuri. Kisha picha yake ikatoweka, akabaki papa peke yake. Kaka zangu walikuwa wameinama.

"Katungu," papa akasema polepole, "Jumamosi ine nimekaa hapa kukupa neno. Ulijua, na ukaniita nije kutazama?"

Nilitaka kusema. Papa akanyoosha mkono wake kwenye mashini ya parokia, akazima mwenyewe.

Siku ya tatu papa alimpigia shangazi. Alisema ningemwambia yeye kwanza, angewarudishia wale wazee mbuzi wao kwa heshima, na mutoto angemchukua mbele ya parokia, amfanye wake, ampe jina na kwao. Alikuwa tayari kwa hilo tangu alipoambiwa habari ya mimba. Lakini sasa, alisema, kila mutu Butembo anacheka habari ya katekista aliyewekwa kwenye televisheni, na yeye hana neno lililobaki.

Binti yangu ana miezi miwili leo. Nimemtumia papa picha zake nyingi. Simu inanionyesha amezifungua. Hajajibu.

Faustin? Antene yake iko bado juu ya bati letu, na neno la siri ninalo mimi. Ametuma watu mara tatu kuiomba. Nimewajibu aandike ombi, aeleze tatizo lake, asubiri. Atasubiri mpaka azeeke! Kwake sina huruma, sitakuwa nayo, na atakayenihubiria ahubiri mbali. Lakini Mama Neema nilimpigia kuomba radhi, namba haipatikani tena. Yeye alinikosea nini?

Dada zangu, musikubali mutu anayetaka kuwaoa awe ndiye anayeshika njia ya kuongea na wazazi wenu. Iandikeni kwa jina lenu, hata mukope. Na ukigundua umesalitiwa, kisasi ukitaka lipiza, mimi si padri wa kukuzuia. Ila mwambie kwanza mzazi wako, ninyi wawili, mulango umefungwa. Mimi nilitaka watu wote waone. Waliona. Sasa nakaa na simu mapajani, mutoto ananyonya, nangoja muzee mmoja aandike jina la huyu mutoto.