Ua la Oktoba Katika Dirisha la Mjane

Mkasi wa Lindamir uligoma kukata siku ya Ijumaa, katikati ya gauni la bibi harusi, na Jumapili asubuhi akaufunga kwenye gazeti akaenda nao gulioni, kwenye uwanja wa Largo da Ordem. Ilikuwa Juni, kipupwe cha kusini mwa Brazili. Curitiba nzima imevaa makoti, midomo inatoa mvuke, harufu ya mbegu za msonobari za kuchemsha imetanda juu ya vibanda. Lindamir alivaa sketi ya kijivu, sweta ya kijivu na skafu nyeusi. Alikuwa mjane kwa mwaka wa tatu, na wifi yake Cleusa, aliyeuza pierogi, maandazi ya kuchemsha ya viazi na jibini, hatua thelathini kutoka pale, alikuwa na macho ya kunasa rangi yoyote.

Mnoa mikasi alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, ndevu zimeingia mvi, kofia nyekundu ya sufu imekaa upande. Mguu wake ulisukuma, gurudumu likazunguka, cheche zikaruka. Juu ya sanduku lake la zana palikuwa na mkebe wa kahawa wenye mmea wa vipande vinene vya kijani, vimeunganika kama mnyororo na kuning'inia. Kila alipomaliza kisu kimoja, alinyoosha mkono akauzungusha mkebe kidogo.

"Kaka, mbona unauzungusha?" Lindamir alishindwa kujizuia.

"Ili kila upande upate jua, bibie. Sipendi upendeleo."

"Mmea huu umewahi kutoa ua?"

"Miaka minne, hata moja. Nadhani ni dume."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, visu mikononi.

"Dume gani!" Lindamir akasema. "Hilo ni Ua la Oktoba. Likishaweka matumba, ukiligeuza kidogo tu linayaangusha yote. Na unalimwagilia maji?"

"Kila siku. Nalionea huruma, baridi yote hii."

"Huruma yako ndiyo inayoliharibu. Hilo ni dungusi, hata kama halina miiba. Kipupwe linataka baridi, kiu kidogo na giza la kutosha. Ukilidekeza linanenepa, halichanui."

"Kumbe linataka kupumzishwa." Mwanamume akaupokea mkasi, akatazama skafu nyeusi, kisha sketi ya kijivu mpaka chini. "Na wewe, bibie, umepumzishwa tangu lini?"

Alipaswa kukasirika. Badala yake alicheka, kicheko kilichomtoka kwa nguvu mpaka akageuka kutazama kama Cleusa amesikia.

Jina la mnoa mikasi lilikuwa Osni. Mkasi ule ulinolewa tena Julai, ukanolewa tena Agosti, na haukuwa butu hata mara moja. Baada ya hapo hawakuhitaji tena mkasi. Walitembea bustanini siku za kazi, wakala mkate wa mahindi kwenye karatasi, wakapigiana simu kabla ya cherehani kuanza na baada ya cherehani kunyamaza.

"Halo, daktari?" Osni alipiga asubuhi moja ya Septemba. "Mgonjwa wako ana kitu kwenye ncha. Kidogo, kama kichwa cha kiberiti. Chekundu."

"Usiguse!"

"Nani aguse? Hata kupumua napumulia upande wa pili."

"Mpenzi, hilo ni tumba."

"Umeniita nani?"

"Nimesema tumba."

"Kabla ya hapo, mama. Kabla ya hapo."

Ua la Oktoba la Lindamir mwenyewe lilikuwa limeweka matumba kumi na tisa. Lilikaa kwenye dirisha la chumba cha kushonea, katika chungu cha mama mkwe wake, Bronislava, kikubwa kama beseni. Bronislava alipokufa chungu kilimwendea mwanawe Valdomiro, mume wa Lindamir, na Valdomiro alipokufa kikabaki na Lindamir. Kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Wafu, maua yakiwa yamefunguka yote, ukoo ulikibeba mpaka kwenye kaburi la familia. Cleusa aliliita ua la marehemu, na hakutaka lisifiwe kwa neno lingine.

"Marehemu wanalipata siku moja," Osni alisema, amesimama mbele ya dirisha, mikono nyuma kama mtu aliye kanisani. "Oktoba yote linamchanulia nani? Padri wetu anasema katika nchi za kaskazini linachanua Pasaka, maana huko majira ya kuchipua huangukia wakati huo. Wao wanaliita ua la kufufuka. Sisi tumelipeleka makaburini."

"Usiseme hivyo mbele ya Cleusa."

"Nitasemaje mbele ya Cleusa wakati hanijui?"

Lindamir akarudi kwenye cherehani.

Wiki ya kwanza ya Oktoba simu iliita, Osni akiwa jikoni anamenya vitunguu. Sauti ya Cleusa haikuhitaji simu.

"Lindamir! Mteja wangu amekuona bustanini na mtu wa kofia nyekundu. Ni nani huyo?"

"Ah, ni mnoa mikasi tu, wifi."

"Afadhali. Maana chungu cha mama hakikai katika nyumba ambamo mwanamume mwingine anatundika koti. Ukipata mtu, unakirudisha."

Alipokata simu, Osni alikuwa tayari ameingiza mkono mmoja ndani ya koti.

"Osni, ningesema nini? Ulimsikia. Chungu kile ndicho kilichobaki..."

"Mnoa mikasi ni kweli. Baba yangu alinoa mikasi, sioni aibu." Akaingiza mkono wa pili. "Lakini hilo 'tu', Lindamir, umelitoa wapi?"

Mlango ukafungwa polepole, na upole huo ndio uliomuumiza Lindamir. Siku kumi na mbili alipiga simu bila kupokelewa. Siku ya kumi na tatu Osni alipokea.

"Mikasi inanolewa Jumapili, mama. Foleni inaanza saa mbili."

Na akakata.

Alhamisi moja asubuhi tumba la kwanza lilifunguka. Lilikuwa jekundu kama kaa la moto, petali zimechongoka na kupanuka kama nyota, katikati vijiuzi vyeupe. Valdomiro, alipokuwa hai, angeliona hilo angepiga mluzi, angeita jengo zima, kijiko cha uji bado mkononi. Lindamir akachukua simu kumwambia mtu aje aone. Miaka yote mtu huyo alikuwa Cleusa. Aliposhusha macho, kidole chake kilikuwa juu ya jina la Osni.

Akairudisha simu mezani. Akafungua kabati, akatoa kitambaa cha rangi ya machungwa alichonunuliwa na Valdomiro mwaka wa mwisho, ambacho hakukishona kwa sababu msiba ulikitangulia. Akakikata bila kupima mara mbili. Jumamosi jioni gauni lilikuwa tayari, limebana kiunoni, limeachia magotini.

Jumapili, gulio limefurika, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pierogi. Cleusa alimwona na mwiko ukabaki hewani.

"Lindamir! Rangi gani hiyo kwa mjane? Tarehe mbili, Siku ya Wafu, haijafika!"

"Najua tarehe, wifi. Nimekuja kukuambia mwenyewe kabla wateja hawajakuambia. Nilikudanganya kwenye simu. Osni ni mpenzi wangu."

Foleni yote ikageuka. Mzee mmoja akashusha sahani yake taratibu.

"Basi utaleta chungu cha mama. Leo hii."

"Sikileti. Kina ua moja na matumba kumi na manane, na ukikisogeza leo utayaokota njiani. Mama yako alinifundisha mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye. Tarehe mbili yatakuwa yamefunguka, na yakishafunguka hayaogopi safari. Nitayapeleka kaburini kama kila mwaka. Ukitaka kuyaona kabla ya hapo, mlango wangu unaujua. Utakuta koti limetundikwa."

"Valdomiro angesemaje akikuona hivi?"

"Angeuliza pierogi zimebaki ngapi."

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Cleusa akajipangusa macho kwa kiwiko, na si kwa sababu ya mvuke peke yake.

"Cleusa, na mimi namlilia," Lindamir alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimechoka kumlilia kwa ratiba yako."

Cleusa akageukia sufuria. Pierogi zilikuwa zimegandana. Akaanza kuzitenganisha moja moja.

Hatua thelathini. Lindamir alizitembea katikati ya watu, gauni linapepea. Gurudumu lilikuwa limesimama, na kimya kile kilimwambia kwamba Osni amesikia.

"Umeleta mkasi, mama?"

"Mkasi wangu unakata. Nimeleta ombi."

"Sogea karibu basi, watu wanasikia."

"Nataka wasikie. Tarehe mbili naenda kwenye kaburi la mume wangu. Ukoo wote utakuwepo, pamoja na shangazi wanane. Nataka utembee nami, mkono kwa mkono, kuanzia getini. Halafu Desemba tufunge ndoa."

Osni akaivua kofia, akajifuta nayo paji la uso.

"Watanitukana."

"Watakutukana. Nitawajibu mimi."

"Mwanamke wewe! Mbona hukuanza na ndoa? Hiyo ndiyo rahisi."

"Mjibu, baba," bibi mmoja kwenye foleni alisema. "Kisu changu kinangoja na kuku wangu anangoja."

Osni alimtazama Lindamir, akalitazama gauni, akamtazama tena usoni. Akanyoosha mkono akaushika wake, mbele ya gulio zima, vumbi la chuma likabaki kwenye vidole vya Lindamir.

"Nitakuja. Ila niambie, alipenda nini?"

"Nani?"

"Valdomiro. Siendi kwa mtu mara ya kwanza mikono mitupu."

Lindamir akakaa juu ya sanduku la zana, pale mkebe ulipokaa kabla ya tumba kutokea. "Karanga za sukari," alisema. "Zile ngumu, za kuvunja meno. Alikuwa anazificha ndani ya soksi ili nisizimalize." Bibi wa kisu akauliza soksi safi au chafu, na Lindamir akamjibu, akaendelea, habari ya soksi ikazaa nyingine na nyingine, kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa jina la Valdomiro tangu siku ya mazishi. Osni akapokea kisu, akaweka mguu mahali pake, akalisukuma gurudumu polepole ili asikose neno.