Alama Tatu za Mshangao

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa shule moja mjini Matsue, Japani, hupiga deki darasa lao wenyewe. Siku hiyo Kotoha alisamehewa deki, akakabidhiwa kadi kubwa ya rambirambi aipambe. Mwalimu Fiona, Mskoti aliyewafundisha Kiingereza, alikuwa amefiwa na mama yake na jioni angesafiri kwenda kuzika. Kila mwanafunzi alikuwa ameandika sentensi moja ya Kiingereza, kwa wino.

Ya Sayo, rafiki wa Kotoha, ilisema tu: Pole kwa kufiwa na mama. Mwishoni, nukta. Kotoha aliiona baridi mno. Kwa vijana wa rika lake, mtu akikutumia ujumbe wa simu na kuufunga kwa nukta, ujue amenuna. Basi akachukua kalamu, akaigeuza nukta kuwa alama ya mshangao. Ili upendo uonekane zaidi, akaongeza nyingine mbili.

Alasiri Mwalimu Nagase, msimamizi wa darasa, aliingia na kadi, uso umemkunjamana.

"Sayo, msiba unaupigia vigelegele?"

Darasa likaangua kicheko. Sayo alisema hakuandika hivyo, lakini mwandiko ulikuwa wake, nani angemwamini? Akaambiwa jina lake litaondolewa kwenye kadi.

Kotoha akainamia daftari. Alijiambia kwamba nia yake ilikuwa njema, ila roho ilizidi kumsuta, maana Sayo alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa sweta bila kumtazama mtu. Hatimaye akasimama.

"Mwalimu, ni mimi niliyeziongeza alama hizo. Sayo hana kosa."

Mwalimu Nagase akamwomba Sayo radhi mbele ya wote, kisha akawapeleka wasichana hao wawili ofisini kwa Mwalimu Fiona. Kotoha alieleza yote, akainama kuomba msamaha. Mwalimu Fiona aliisoma kadi kwa macho mekundu.

"Kwa Kiingereza, alama hii ni sauti iliyopaa," alisema. "Ya furaha, ya mshtuko, ya kumwonya mtu. Hata hapo, moja inatosha. Kwenye msiba tunashusha sauti, kwa hiyo nukta ya Sayo ilikuwa sawa kabisa. Hilo nimeshakusamehe. Lakini ulikaa kimya mwenzako akichekwa, na msamaha wa hilo sina mimi."

Kotoha akageuka, akamwinamia Sayo. Machozi yalimdondoka sakafuni.

"Siku mbili nilihangaika na kamusi," Sayo alisema. "Ungeniuliza tu, wee."

Kisha akamshika mkono, wakaenda kutafuta kadi mpya.